Mtu wa Hesabu Kutoka Wawi

Nyie jamaa wa baraza ya Madungu, maneno yenu yalinifikia kabla sijafika mimi. Nateremka Mkoani, sijakaa sawasawa ndani ya basi, dereva ananigeukia na kuniuliza kama ni kweli huko Uganda nilikuwa nikipiga ramli. Nafika kwetu Wawi, namkuta bibi mmoja wa Vitongoji kakaa ukumbini na mama, kaleta pweza mkavu, anataka nimtazamie mbuzi wake kaelekea wapi. Mbuzi! Nimekaa ugenini nikisomea hesabu za makampuni, narudi kuulizwa mbuzi wa Vitongoji.

Pweza nilimpokea, maana kumrudisha ni utovu wa adabu. Yaliyobaki nataka kuyaweka sawa, na nayaandika kwa sababu nikiyasema barazani hamtaniacha nimalize. Someni, mcheke, kisha mmoja wenu amwambie yule bibi akamtafute mbuzi wake kwenye muhogo wa jirani.

Wawi hadi Mkoani

Mnanijua. Tangu skuli mliniita Khamis Redio, na mliniita kwa haki, maana nikiamka mdomo uko wazi na nikilala mama husema bado nanong'ona. Habari za maombi na karatasi zake naziruka, hazina raha. Jambo moja tu mlijue: skuli ile ya biashara Kampala ilikuwa imenikubali nusu. Nusu ya pili ilikuwa mahojiano ya ana kwa ana, kutazama tabia ya mwombaji na sababu zake za kuutaka uhasibu. Asiyewaridhisha hurudi kwao na sanduku lake.

Baba naye alikuwa ameshapanga. "Ukirudi mikono mitupu usinieleze sababu," alinambia. "Duka la ami yako Wete linataka mtu wa kupima vitambaa. Utavipima mpaka uote mvi." Baba akisema harudii.

Nami wallahi nilikuwa nautaka uhasibu kwa moyo wangu wote. Kwa nini, hapo ndipo penye taabu, sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba tangu udogo siwezi kuona viatu vya mtu vimeachana mlangoni pa msikiti nisivirudishe pamoja. Lakini utamwendea Mzungu mkuu wa skuli na habari za viatu?

Aliyeleta balaa lote ni Ami Shaame, ndugu mwengine wa baba, aliyekuwa karani wa serikali Chake. Alinikalisha chini akanambia, "Khamis, weye akili unayo, lakini una mdomo. Mhasibu hasemi. Ukimwona mhasibu anacheka, ujue kuna kitu kimepotea." Akanishauri nianze mazoezi siku ile ile: niseme kidogo, nikunje uso, na nikiulizwa jambo nitazame mbali kwanza kabla ya kujibu. "Ukifika Kampala utakuwa umeshazowea," akasema, na mimi nikaona hilo ndilo shauri la mtu mzima.

Bibi yangu wasiwasi wake ulikuwa mwengine. "Ati ntoto huyu anakwenda kusoma hesabu," akawaambia majirani. "Hesabu si ile ya Kiyama? Ya nini kuikimbilia, nayo inakuja yenyewe?" Ulimi ulinicheza kumjibu, nikakumbuka mazoezi, nikatazama mbali. Akadhani naumwa, akanisomea dua ndefu na kunipa mikate ya mofa iliyonitosha mimi na nusu ya meli.

Gatini Mkoani meli ilichelewa kama kawaida yake, na mimi nikakaa juu ya sanduku langu, uso umekunjwa, nikijibu watu kwa neno moja moja. Watu wakanihurumia. Wawili walidhani nimefiwa, wakanipa mkono wa pole, na kwa kuwa sikutaka kuharibu mazoezi nikaupokea.

Unguja, mpaka meli ipatikane

Unguja nilifikia Ng'ambo, kwa jamaa zake mama, na nilitakiwa kulala pale usiku mmoja tu. Meli ya Mombasa ikaharibika, tukaambiwa kesho, na kesho ikazaa kesho nyengine. Chakula kilikuwa kizuri, sisemi uongo, lakini mnawajua Waunguja. Nikisema "nkate", nyumba nzima inaanguka kwa kicheko. Nikiita "ntoto", majirani nao wanaitwa waje wasikie. Mwenye nyumba alinitolea ile methali yao ya Mpemba na gogo, ambayo siiandiki hapa kwa heshima ya mama zetu.

Basi ukimya ukanifaa. Nilikaa kibarazani nimenyamaza mpaka wakaanza kunong'onezana, na siku ya mwisho yule mwenye nyumba akaja kuniomba radhi kwa utani wake, tena kwa unyenyekevu uliopita kiasi. Akanambia, "Yakhe, yasiwe makubwa, tulikuwa twacheka tu." Wakati ule nilidhani ni adabu zimemrudia. Kumbe, kwa zile sifa za uchawi tunazopewa Wapemba, alikuwa anaogopa nisije nikamrogea watoto.

Melini

Bi Zuhura nilikutana naye baharini. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Mombasa, mnene wa kiasi, buibui lake lanukia udi, na kando yake furushi kubwa aliloliegemea kutwa nzima. Alikuwa ametoka Unguja kuhani msiba, na kutoka Mombasa alikuwa anaendelea na gari la moshi mpaka Kampala, ambako mumewe ana duka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Watoka wapi, mwanangu?"

"Pemba."

Akasogea nyuma kidogo. "Na waenda wapi?"

"Kampala."

"Masikini, mbali kote huko! Kuna nini?"

Nikakunja uso, nikatazama mbali kama Ami Shaame alivyonifunza. "Hesabu," nikasema.

Sasa nyie mmekwisha elewa, maana mmezaliwa hapa. Pwani yetu hii neno hesabu lina milango miwili. Mmoja ni wa dukani. Mwengine ni ule wa watu wa falaki, unakotaja jina lako na jina la mama yako, herufi zikageuzwa nambari, ukaambiwa nyota yako inasema nini. Haya, fikirini wenyewe: Mpemba, mkimya, uso kaukunja, anatazama kitu ambacho wengine hawakioni, anasafiri peke yake kwenda bara kwa ajili ya hesabu. Hata mimi ningemkimbia.

Bi Zuhura hakukimbia. Alitazama huku na huku, akaniinamia sikioni. "Zuhura binti Mwanaidi," akanong'ona.

Nikadhani ananijulisha jina lake. "Khamis Juma," nikajibu kwa adabu.

"La, la, mwanangu, jina lako usinipe," akasema haraka. "Najua nyie hamlitoi la kweli."

Hapo ndipo nilipozindukana. Nikasahau mazoezi yote. "Mama, mimi si mganga!"

Akatabasamu kwa raha. "Wa uongo ndio hujitangaza. Wa kweli hukana."

"Wallahi mama, siyajui mambo hayo."

"Eehe. Mara mbili."

"Astaghfirullah, mimi ni mwanafunzi tu!"

"Tatu," akasema, akakunja mikono yake juu ya furushi, ameridhika. Kuanzia hapo nikikataa naongeza sifa, nikinyamaza naongeza sifa, na nikila mkate wa mofa ananitazama kuona kama nimeusomea kwanza.

Mombasa, na mahali gari lilipofia

Mombasa tulikula mahamri kwa mbaazi karibu na stesheni, na Bi Zuhura akagoma nisilipe hata kikombe cha chai. Nikaona kubishana naye ni kazi bure, mbaazi zenyewe zilikuwa na nazi ya kutosha. Tukapanda daraja la tatu, mabenchi ya mbao, tukaketi mkabala na Bwana Wafula, fundi wa saruji anayerudi kazini Tororo. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kinakwenda moja kwa moja bila kupiga hodi. Kabla gari halijatoka stesheni Bi Zuhura alikuwa ameshanitambulisha kwake: "Huyu ni kijana wa Pemba. Mtu wa hesabu." Halafu akamkonyeza.

Tulipopita Voi gari likaanza kukohoa, likaenda mwendo wa kobe, likasimama porini. Wakatwambia mashine imekufa na nyengine inaletwa. Jua lile, jamaa, si la kwetu. Halina bahari ya kulipoza. Watu waliteremka, wakakaa kwenye vivuli vya mabehewa, na mtu akikaa bila kazi hukumbuka matatizo yake. Bwana Wafula akanijia na kofia mkononi.

"Bwana Pemba," akasema, "niliporudi nyumbani likizo nilikuta jogoo wangu ameibwa. Jogoo mwekundu, mkubwa sana. Nataka jina la mwizi."

"Mimi si mganga, Bwana Wafula."

"Nimeambiwa utasema hivyo."

Sasa joto linaunguza, mashine haiji, na mimi ni Redio niliyezimwa tangu Wawi. Nikaona kuuliza si kosa. Nikamuuliza jogoo alikuwa akilala wapi. Jikoni, akasema. Mlango wa jikoni una komeo? Unalo, na ulikutwa umefungwa vizuri. Mbwa alibweka? Hakubweka. Siku hiyo nyumbani alikuwepo nani? Mkewe, watoto, na mama mkwe aliyekuja kuwatembelea. Na mama mkwe akija, hupikiwa nini?

Akakaa chini polepole juu ya reli. "Kuku," akasema. Kisha akaruka akawapigia kelele abiria wote, "Jamani! Huyu kijana amemwona mama mkwe wangu! Kutoka hapa!"

Ndugu zangu, nilikwisha. Mpaka mashine mpya inafika nilikuwa nimeulizwa habari za ng'ombe, za mchumba na za kijana aliyekwenda Nairobi akapotelea huko. Kila mmoja nilimwambia sijui, kila mmoja nikamuuliza maswali mawili matatu kwa udadisi wangu tu, na wengi wakaondoka wameshika vichwa wakisema nimewaambia kila kitu. Nilikuwa sijawaambia lolote. Wao ndio waliosema, mimi nilichofanya ni kutaka kujua zaidi. Na nikaanza kuingiwa na hofu ya kweli, maana nilikuwa nakwenda Kampala kujifanya mtu mkimya, na jambo pekee nililoliweza vizuri maishani lilikuwa kuwachokonoa watu.

Baridi

Nairobi tulibadili gari. Nakuru tulinunua maziwa na mahindi ya kuchoma. Baada ya hapo gari likaanza kupanda milima, na hapo nikajua kwa nini watu wa bara wanatembea haraka: wanatafuta joto. Meno yaligongana. Kanzu yangu na koti la kuazima havikunisaidia kitu. Bi Zuhura akanionea huruma, akafungua furushi lake, akachomoa doti ya kanga, pande mbili zilizoshikizwa pamoja, akaikata uzi. Upande mmoja akajifunika yeye, mwengine akanitupia mimi.

Nikajitanda. Baada ya muda nasikia watu nyuma yangu wanacheka. Nageuka, wananyamaza. Nageuka tena, wanacheka. Bwana Wafula ndiye aliyenitoa gizani: "Bwana Pemba, mgongoni kwako umeandikwa 'Sura unayo, haya huna'."

Behewa zima likapasuka, na mimi nikacheka nao, nifanyeje? Bi Zuhura hakucheka. Akageuza uso dirishani, nikaona machozi yanamteremka. Gari likasimama stesheni ndogo ya juu huko, Bwana Wafula na wengine wakateremka kutafuta chai, tukabaki sisi wawili upande wetu wa behewa.

"Umeyaona?" akanambia. "Ndivyo ninavyotukanwa. Mume wangu tangu tuoane huniletea kanga kwa kila msafiri anayeshuka Mombasa, na huchagua na kushikiza doti mwenyewe, hamwamini mtu. Mwaka jana zikaanza kuja hizi. Ameoa, mwanangu. Ameoa msichana, na msichana ndiye anayenichagulia maneno. Nimezibeba zote. Nikimwona tu nitamwekea chini mbele ya watu, nitamwambia chukua kanga zako, nipe talaka yangu. Nilikuwa nataka wewe unambie jina la huyo mwanamke tu, basi."

Nilibaki kukodolea macho kanga aliyojitanda yeye. Ilikuwa ya samawati. Yangu ilikuwa nyekundu.

"Mama," nikamwambia, "si umekata doti moja?"

"Ndiyo."

"Mbona hazioani?"

Akatazama. Tukasoma ya kwake: "Nyumba ni wewe, wengine wageni." Huyo Ami Shaame na mazoezi yake nilimsahau papo hapo. "Hebu nione nyengine," nikasema.

"Nyengine za nini? Nimeshakwambia zina matusi."

"Zote, mama. Hata zisizo na matusi."

Hakutaka. Nikambembeleza, nikamsumbua, nikamuuliza ipi ilikuja kwanza na ipi ilifuata, mpaka akazimwaga zote kwenye benchi. Mtu akishikwa na wivu huhifadhi matusi na kusahau sifa. Palikuwa na kanga ya "Hujui kupika, wajua kulalamika", hiyo aliikumbuka vizuri sana. Lakini palikuwa na nyengine ya "Nikikuona moyo hutulia", hiyo alisema aliidhania kejeli. Palikuwa na ya hongera ya uzazi. "Mimi na umri huu!" akasema kwa hasira. "Nani amezaa?" Palikuwa na kisutu cha bibi harusi. Na palikuwa na doti nyengine mbili ambazo pande zake zilikuwa zimeshonwa pamoja bila kufanana.

Nilizitandika, nikazipanga, nikazipangua, na mwili ukanisisimka. "Mama, sikiliza. Mtu mwenye nia mbaya ana upande anaokwenda. Angekuwa mke mwenzio, zote zingekutukana, tena angechagua zinazooana vizuri, ili usipate hata pa kujifariji. Hizi zinatukana, zinasifu, zinapongeza, zinaoza bibi harusi. Aliyezichagua hana upande. Huyu amechukua tu. Hakuyasoma haya."

"Mume wangu asisome?" akanikatiza. "Yeye ndiye aliyenifunza mimi herufi hizo!"

"Basi haoni," nikasema. Yalinitoka kabla sijayafikiri.

Alichukua ile nyekundu begani kwangu akaishika kwa vidole, akaipapasa pindo lake taratibu. "Nzuri," akasema. "Zote ni pamba nzuri. Zote nzito. Amezichagua kwa mkono." Akajiinamia akalia kilio cha kweli, si kile cha hasira. Nami nilikaa pale nimeshika kisutu cha bibi harusi, sijui niende wapi.

Bwana Wafula aliporudi na chai alituangalia akasema, "Umemwambia nini huyu mama?" Bi Zuhura akanibana mkono kwa nguvu. "Mwanangu," akaninong'oneza, "lisitoke hili. Yeye ni mtu wa duka. Wakijua haoni watamchezea, watamla mzima mzima. Niapie." Nikaapa. Bwana Wafula aliniuliza mpaka Tororo, akateremka amenuna.

Kampala, stesheni

Tulivuka Mto Naili pale Jinja, nikala ndizi za kupika zisizo na nazi hata ya kuonja, na mchana tukaingia Kampala. Nilimbebea Bi Zuhura furushi. Stesheni ilijaa watu, na kina mama wa Kiislamu waliovaa mabuibui walikuwa wawili watatu pale, mmoja karibu na mlango wa kutokea.

Mzee mmoja wa kanzu na kofia ya kutarizi alikuwa amesimama amenyooka, mwenye heshima zake, kichwa amekiinua. Yule mama wa karibu na mlango alipopita mbele yake, mzee akatabasamu na kusema kwa sauti, "Zuhura, karibu mke wangu." Yule mama akamshangaa akaenda zake. Mzee akabaki na tabasamu lake, akageukia mwengine. "Zuhura?"

Bi Zuhura alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake. Maneno ya talaka aliyotoka nayo Mombasa, sijui aliyatupia wapi. Alikwenda akamshika mkono, akasema, "Niko hapa, Bwana. Njia imenichosha, nishike." Akafanya kana kwamba yeye ndiye anayehitaji kushikwa, na wakatoka hivyo, mke anamwongoza mume, na kila aliyewaona aliona mume anamsaidia mkewe. Mimi niliwafuata na furushi mpaka mlangoni pa duka lao, nikaaga haraka.

Mtaniuliza, basi mbona leo unatangaza? Nimeruhusiwa. Ulikuwa ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, hospitali wamemtoa, mzee anaona na anasoma, na ndiye anayewasimulia wateja wake kisa cha kanga kuliko ninavyokisimulia mimi. Bi Zuhura alinambia nibadilishe majina tu, na nimeyabadilisha. Lakini siku zile ilikuwa siri, na yaliyofuata yalitokea siku zile.

Chumba cha maswali

Siku ya mahojiano niliamka na jibu langu limepangwa: mimi ni mtu mkimya, makini, nisiyependa maneno. Nikaingia. Mezani walikuwepo mkuu wa skuli, Mzungu mrefu mwenye miwani, na msaidizi wake, Bwana Kaggwa, mtu wa pale pale Kampala. Wakaniuliza kwa Kiingereza: wewe ni mtu wa namna gani?

"Mimi ni mtu mkimya," nikaanza.

Dirisha lilikuwa wazi, na harufu ya pilau ikaingia, pilau la kwetu, lenye karafuu. Bwana Kaggwa akavuta pumzi. "Kabla hujaendelea," akasema, "bawabu amenambia kuna mama kaleta sinia la chakula getini, anasema ni la mganga wake wa Kipemba. Skuli nzima ina Mpemba mmoja."

"Mimi si mganga, Bwana."

"Basi umemfanyia nini?"

Jamaa, hebu nionyesheni mtu aliyewahi kupewa nafasi tamu kuliko ile. Kisa kizima kilikuwa ulimini. Waliniuliza mimi ni mtu gani, nacho kingewaambia. Wangeniuliza kwa nini nautaka uhasibu, nacho kingewaambia, maana jibu nililolikosa tangu Wawi nililipata kwenye benchi la gari la moshi. Ningekisimulia, na mnajua ninavyosimulia, wangeipiga meza kwa furaha. Na duka la mzee yule lilikuwa mtaa wa pili, Bwana Kaggwa pengine ndiko anakonunua sukari.

"Bwana," nikamwambia yule mkuu, "nililosema mwanzo si kweli. Si mkimya. Ni mtu wa maneno mengi na udadisi. Nikiona vitu viwili havilingani silali mpaka nijue sababu, na nitamuuliza kila mtu mpaka anichoke. Ndiyo sababu yangu ya kuutaka uhasibu. Sina nyengine."

"Tupe mfano," akasema.

"Ninao, Bwana. Lakini ni habari ya mtu, nimeapa."

Akavua miwani. "Unajua kwamba wengine wote wametupa mifano? Unajua tunachagua kwa majibu haya?"

"Najua, Bwana." Na nilijua kweli. Niliviona vitambaa vya Wete mbele ya macho yangu, majora kwa majora, na ami ananikabidhi mkasi. Akaniuliza tena, kwa upole safari hii, kwamba mle chumbani tulikuwa watu watatu tu na neno halitatoka nje. Nikamwambia samahani. Akaandika kitu kifupi, akaniambia nisubiri nje.

Nikakaa uwanjani nikipanga jinsi ya kuingia Wawi bila kuonekana na baba. Nilijilaumu, nikajitukana. Maisha yangu yote nimesema pasipotakiwa, na siku niliyotakiwa kusema kwa faida yangu nimejifanya komeo. Nusura nirudi ndani nikamwage kila kitu. Nilisimama, nikakaa.

Bwana Kaggwa akatoka, anajifuta vidole kwa leso. Nikaona punje ya wali kwenye kidevu chake. "Umepata nafasi," akasema. "Mkuu anasema maneno mengi yanaweza kupunguzwa. Wenzako tulipowabana kidogo walitutolea siri za ndugu, za majirani, na mmoja za baba yake mzazi."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Bwana Kaggwa akaketi karibu yangu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti.

"Sasa nafasi unayo, hakuna wa kukunyang'anya," akasema. "Hebu niambie mimi. Yule mama ulimfanyia nini hasa?"

"Bwana Kaggwa," nikamwambia, "twende tukale pilau kabla halijapoa." Na mpaka leo sijui kama alikuwa ananijaribu tena, au ni mbea tu kama mimi.